UZI: Muuguzi mshiriki huku England anafanya nini hasa kwa mgonjwa, na mpaka wake uko wapi?

MwanaWodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa wote shikamooni.

Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) huku England wananiuliza swali lilelile: huyu nursing associate ni nesi au si nesi? Wengine wameshaitwa na mameneja wao, wamepewa fomu za kuomba mafunzo, na wanataka kutia saini bila kujua ni mzigo gani wanajitwisha. Mimi nimesajiliwa kwa kazi hiyo na niko wodi ya wazee. Naandika kwa urefu kwa sababu majibu mafupi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yanapotosha watu, na anayeumia mwishoni ni mgonjwa. Humu nitamwita muuguzi mshiriki.

Si msaidizi wa huduma tena, na si nesi kamili. Yuko katikati. Msaidizi wa huduma hana baraza linalomsajili. Muuguzi mshiriki anasajiliwa na NMC, baraza lilelile linalosajili manesi na wakunga, na rejista yake ilifunguliwa Januari 2019. Wazo lilitokana na ripoti ya Lord Willis ya 2015 kuhusu mafunzo ya manesi na wasaidizi. Serikali ikalitangaza Desemba mwaka huohuo, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017. Nafasi hii iliundwa kwa ajili ya England, kwa hiyo ukihamia Scotland usidhani utaikuta inakusubiri.

Kazi yenyewe ya kila siku: kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza kitandani, kumsaidia kwenda chooni, hayo yote bado ni yako. Anayedhani akipata usajili ataacha kushika beseni amekosea njia. Kinachoongezeka ni uzito wa unachokiona wakati umeshika beseni. Unapima presha, sukari na mapigo, unatoa damu, unapima umeme wa moyo, unafunga vidonda, unatunza mpira wa mkojo, unatoa dawa za kumeza, za kupaka, za kuvuta na sindano za chini ya ngozi na za msuli. Unamfundisha mgonjwa wa kisukari namna ya kujitunza. Unakaa na familia inapopewa habari nzito.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Viwango vya NMC vya 2018 vinampa nesi kamili maeneo saba ya umahiri, na muuguzi mshiriki sita. Ukiyaweka mezani pamoja, tofauti kubwa inaonekana mara moja. Nesi ndiye anayetathmini mahitaji ya mgonjwa na kupanga huduma yake. Sisi tunatoa huduma hiyo na kuifuatilia. Nesi anaongoza na kusimamia huduma. Sisi tunafanya kazi ndani ya timu. Neno "kufuatilia" lisiwadanganye likaonekana dogo. Ndilo kazi yenyewe.

Chukueni mfano. Mzee amelazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Saa kumi jioni unampima. Anapumua mara 22 kwa dakika. Oksijeni ya damu ni asilimia 95, bila kuongezewa. Presha ya juu 108. Mapigo 104. Joto 38.2. Yuko macho, anaongea vizuri, anauliza chai italetwa saa ngapi. Ukitazama namba mojamoja, hakuna inayokushtua. Lakini hospitali za huku zinatumia mfumo wa alama unaoitwa NEWS2, uliotolewa na chuo cha kifalme cha madaktari mwaka 2017. Kwa mzee huyu upumuaji unampa alama 2, na vile vipimo vingine vinne kila kimoja alama 1. Jumla 6. Kuanzia 5, nesi na daktari wanatakiwa waitwe haraka na mgonjwa apimwe angalau kila saa. Kuanzia 7 inaitwa timu ya dharura.

Yule mzee anayeuliza chai huenda maambukizi yameanza kuingia kwenye damu. Mtu aliyempima upumuaji kwa kukisia, akaandika 16 kwa sababu kila mtu anaandika 16, amefuta alama 2 kwenye hesabu. Jumla inabaki 4, na huenda hakuna anayekuja kumwona mpaka usiku. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, wakuu. Mshike mkono kama unapima mapigo ili asijue unahesabu, maana mtu akijua anabadilisha namna anavyopumua.

Halafu kuna yale ambayo mashine haiyaoni. Binti wa mgonjwa anakuambia, "Leo baba si yule wa jana." Usimjibu kuwa ni uzee. Kuchanganyikiwa kupya, hata kama vipimo vingine vyote ni safi, kunatoa alama 3 peke yake, na alama 3 kwenye kipimo kimoja inatosha kumwita mtu. Umemwogesha asubuhi, umemlisha mchana. Wewe ndiye unayejua kuwa asubuhi alikumbuka jina la mjukuu wake na sasa halikumbuki. Daktari anayepita kwa dakika chache hawezi kulijua hilo usipomwambia.

Karibuni kwa maswali.

DadaHuba

Kaka MwanaWodi, Mungu akubariki. Mimi ni msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Swali langu: nikikosea, si nesi ndiye anayebeba lawama? Maana ndivyo tunavyoambiwa, "nesi wa zamu ndiye mwenye wodi."

MwanaWodi

Dada Huba, hapa ndipo ninapoomba watu wasome taratibu.

Ukishapata namba ya usajili, ile PIN, unawajibika kwa ulichokifanya na ulichokiacha. Nesi anawajibika kwa uamuzi wa kukupa kazi: je, ilikuwa inakufaa, alikueleza vizuri, alifuatilia? Wewe unawajibika kwa uamuzi wa kuipokea na kwa namna ulivyoifanya. Ukipokea kazi usiyoijua ukanyamaza, huwezi kusema "nilitumwa." Kanuni za maadili za NMC ni zilezile zinazowabana manesi na wakunga, na zinataka ufanye kazi ndani ya mipaka ya uwezo wako na uombe msaada pale unapofika ukingoni.

Vilevile kuna wajibu wa kusema ukweli. Mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, anaambiwa. Anaombwa radhi, anaelezwa nini kinafuata. Hilo si hisani ya mtu mwema, ni wajibu wa kitaaluma.

Na usajili hauishi siku ya kupata cheti. Kila miaka mitatu unathibitisha upya: saa 450 za kazi, saa 35 za kujifunza, maoni matano ya watu waliokuona ukifanya kazi, na maandishi matano ya kutafakari kazi yako. Anza kuyaandika mapema. Nimeona watu wanahangaika wiki ya mwisho wakitafuta karatasi za miaka miwili iliyopita.

NesiWaKisumu

Hamjambo wote. Mimi ni nesi kamili, nilisomea Kenya na sasa nasimamia zamu huku. Nataka kuongeza jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Vitabu vingi vinasema kidonda cha mgandamizo kinaanza na wekundu. Kwa mgonjwa mweusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mnaowageuza wagonjwa, tumieni mkono. Gusa makalio, visigino, nyonga. Ngozi ikiwa ya moto au baridi kuliko sehemu iliyo jirani, ikiwa ngumu au imelegea, au rangi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, chukulia kuna tatizo. Muulize mgonjwa kama panauma. Nimepokea wagonjwa ambao kwenye karatasi imeandikwa "ngozi iko sawa" na kisigino kimeshaharibika ndani.

Hata kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu weusi. Kwa hiyo mgonjwa mweusi akionyesha 94 na unamwona anahangaika kupumua, amini macho yako na uje uniite. Usiniambie namba peke yake. Niambie umemwona vipi.

Mimi nikipata muuguzi mshiriki anayeniletea taarifa ya namna hiyo, zamu yangu inakuwa salama.

MwanaWodi

Asante sana sister. Hili la ngozi ningeomba kila mtu alichukue.

Na namna ya kuleta taarifa nayo ina utaratibu. Nani na yuko wapi, nini kimebadilika, amelazwa kwa nini, mimi naona nini, naomba nini. "Sister, ni Bwana wa kitanda namba nne. Alama zake zimepanda kutoka 2 hadi 6 tangu mchana. Ana maambukizi ya mkojo, anatumia antibiotiki ya kumeza tangu jana. Naona anapumua haraka na mikono imeanza kuwa baridi. Naomba uje umwone sasa na tumwite daktari." Kisha unaandika saa uliyomwambia na jina lake. Sisi Waswahili tumelelewa kuzunguka mbuyu kabla ya kusema jambo, hasa kwa mkubwa. Wodini sema moja kwa moja. Heshima yako ataiona kwenye sauti.

KijanaWaTanga

Mkuu, nakuheshimu, lakini mbona hamsemi ukweli wote? Hii nafasi imeletwa ili hospitali zipate manesi wa bei rahisi. Wanakosa nesi, wanamweka mshiriki, maisha yanaendelea. Ndugu yangu mmoja anafanya hiyo kazi, na anaachiwa wagonjwa kama nesi kamili kwa mshahara wa chini. Tumebeba boksi miaka yote, sasa tunabebeshwa na lawama.

MwanaWodi

Kaka, sikupingi. Hofu hiyo ni ya kweli na ina ushahidi.

Kuna utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, uliotoka 2016, uliofanywa kwenye hospitali za nchi sita za Ulaya, England ikiwemo. Walikuta kwamba kwa kila wagonjwa 25, kumwondoa nesi mmoja na kuweka msaidizi mahali pake kulienda pamoja na ongezeko la asilimia 21 katika uwezekano wa mgonjwa kufariki. Huo ulihusu wasaidizi, tena kabla ya rejista yetu kuwepo. Lakini funzo linatuhusu: mgonjwa hafaidiki pale nafasi ya nesi inapozibwa na mtu ambaye hakufundishwa kutathmini na kupanga.

Muuguzi mshiriki akiongezwa juu ya manesi waliopo, wagonjwa wanapata jicho la ziada. Akiwekwa badala yao, analo jicho lakini hana mamlaka wala elimu ya kuamua, na nesi aliyebaki anasimamia wagonjwa wengi kuliko anavyoweza. Ndiyo maana nang'ang'ania mpaka. Siulindi kwa sababu ya mshahara, ingawa mshahara nao ni haki. Naulinda kwa sababu ng'ambo ya mpaka ule kuna mtu kitandani.

Ndugu yako akiambiwa, "Leo nesi hayupo, chukua chumba hiki mwenyewe," aulize hapohapo: ni nesi yupi aliyesajiliwa anayesimamia wagonjwa hawa? Nani anafanya tathmini ya anayelazwa mpya? Nani anatoa dawa za mshipani? Dawa za mshipani hazimo kwenye mafunzo yetu ya msingi. Kuna hospitali zinazowafundisha washiriki wao baada ya usajili na kuna zinazokataza, kwa hiyo asome sera ya pale alipo. Na dawa kali zinazofungiwa, kama mofini, nazo zina sera zake.

Jingine linalowanasa watu ni chanjo. Kwenye kliniki nyingi chanjo hutolewa kwa hati moja inayohusu kundi zima la wagonjwa, bila mtu kuandikiwa binafsi. Sheria haimruhusu muuguzi mshiriki kutumia hati hiyo. Anahitaji maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mgonjwa yule aliye mbele yake. Akichoma kwa hati ya kundi, hata kama amechoma vizuri, amevunja sheria.

Majibu akiyakosa, atamke wasiwasi wake kwa msimamizi, aandike kwenye mfumo wa kuripoti matukio, na awe mwanachama wa chama cha wafanyakazi kabla shida haijafika. Huwezi kukata bima nyumba ikiwaka.

MamaCoventry

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, nimestaafu. Nilikuja nchi hii miaka ya sabini kusomea unesi.

Mnayoyasema kuhusu kazi ya katikati hayakuanza jana. Sheria ya 1943 iliweka orodha ya pili ya manesi, tukiitwa SEN, yaani State Enrolled Nurse. Mafunzo miaka miwili, wenzetu wa orodha ya kwanza miaka mitatu. Wasichana wengi tuliotoka Afrika na visiwa vya Karibi tuliingizwa kwenye orodha ya pili bila kuelezwa tofauti. Tuliambiwa tu "ni unesi." Baadaye ndipo mtu anataka kurudi nyumbani au kwenda nchi nyingine, anaambiwa cheti chake hakitambuliki. Na kupanda cheo hapahapa ilikuwa shida. Wako waliofanya kazi maisha yao yote kwenye wodi za wazee na za wagonjwa wa akili, usiku, na hawakusogea.

Mafunzo hayo yalifutwa manesi walipoanza kusoma vyuoni, mwisho wa miaka ya themanini kuelekea tisini.

Sisemi msiende. Nasema ulizeni mlango wa kutokea uko wapi kabla hamjaingia.

MwanaWodi

Shikamoo mama. Nashukuru sana kwa kuyaandika haya. Watu wa umri wangu hatuyajui kama inavyopasa.

Mlango safari hii upo, na uliwekwa tangu mwanzo. Muuguzi mshiriki anaweza kuomba kozi ya unesi kamili iliyofupishwa, kwa sababu masomo na saa zake za awali zinahesabiwa. Lakini kuwa na mlango kwenye karatasi na kuachiwa upite ni mambo mawili tofauti. Kuna sehemu zinazowaruhusu watu wachache tu kwa mwaka. Maneno yako, mama, ndiyo swali la kwanza la usaili: baada ya kusajiliwa, wangapi mmewapeleka unesi kamili, na nani aliwalipia?

Tofauti nyingine na enzi zenu: nesi huchagua fani, ya watu wazima, watoto, afya ya akili au ulemavu wa kujifunza. Muuguzi mshiriki anafundishwa kwa upana, watu wa rika zote. Anaweza kufanya kazi wodini, kliniki ya daktari wa familia, nyumba ya wazee au majumbani kwa wagonjwa.

NesiWaKisumu

Hata Kenya tulikuwa na suala hilohilo. Manesi wa cheti walikuwa wengi mno, na kuwarudisha wote darasani kungeziacha zahanati bila watu. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi wakaanzisha mpango wa kusoma kwa kompyuta ili wapande hadi diploma wakiwa kazini. Shangazi yangu alipitia hapo, anasoma usiku baada ya zamu, kijijini. Inawezekana wakubwa wakiamua.

Ndugu walioko nyumbani, ukiwa na diploma au digrii ya unesi, usikimbilie nafasi hii ya ushiriki kwa sababu ajenti amekuambia ni rahisi. Omba usajili wa nesi kamili kwa NMC, ufanye mitihani yao miwili, wa kompyuta na wa vitendo.

DadaHuba

Nimeelewa sana. Sasa kaka, kwa mtu kama mimi, naanzia wapi? Na mshahara?

MwanaWodi

Dada Huba, mafunzo kwa kawaida ni miaka miwili, unatoka na digrii ya msingi (foundation degree, iko chini ya digrii kamili). Saa zote ni angalau 2,300, na nusu yake au zaidi ni za vitendo. Unahitaji Hisabati na Kiingereza vya kiwango cha kidato cha nne cha huku au mtihani wa Functional Skills ngazi ya 2. Hisabati usiidharau, maana ndiyo hesabu ya dawa.

Wengi wanapita njia ya uanagenzi: mwajiri anakudhamini, unasoma huku unalipwa. Kwenye NHS, huduma ya afya ya umma, mwanafunzi kwa kawaida yuko Bendi ya 3 ya mshahara, akisajiliwa anapanda Bendi ya 4. Angalia kibali chako mapema, kwa sababu kanuni za fedha za uanagenzi zinatazama aina ya kibali na muda ulioishi nchini. Na kwa kuwa uko nyumba ya wazee, ambayo huenda haifuati mishahara ya NHS, pata kiwango kwa maandishi.

Swali la mlango nimeshalisema kwa mama. Swali la pili la usaili ni muda wa kujifunza. Mwanafunzi anatakiwa alindiwe muda huo. Nimesoma na wenzangu waliokuwa wakipangiwa zamu za kawaida kama wasaidizi wiki nzima, kisha wanaandika kwenye kitabu cha mafunzo kuwa walikuwa wanajifunza. Muulize meneja: siku nikiwa mwanafunzi na msaidizi mmoja hajaja, mimi natolewa kwenye mafunzo nikazibe pengo? Usimsikilize mdomoni tu. Omba kuongea na mwanafunzi aliyeko mwaka wa pili, bila meneja kuwepo.

DadaHuba

Nina kikao na meneja Alhamisi. Nitamuuliza yote mawili, na nitaomba niongee na huyo mwanafunzi wa mwaka wa pili kabla sijatia saini.